Ofisi ya Kufikiri Kabla ya Kutuma

Wakaaji wa Kampemba walitangaziwa kwa kipaza sauti, siku ya soko, kwamba tangu sasa hakuna habari itakayotumwa kwa simu kabla haijafikiriwa. Ofisi ya kufikiri ilikuwa imefunguliwa, na mkuu wake alikuwa Shefu Liévin, mtu wa suti ya buluu na koo la kusafishwa mara kwa mara.

Mwenye ujumbe aulete, Liévin aupime, naibu wake Benita apige muhuri: IMEFIKIRIWA. Foleni ilifika barabarani. Liévin aliita hayo maendeleo ya akili za raia.

"Shefu, ni picha ya mutoto wa dada yangu, amezaliwa," alilalamika Nkandu, muuza samaki.

"Mama, nani anahakikisha kama alizaliwa?"

"Miye! Nilikuwa pale!"

"Weye uko chanzo kimoja tu. Leta wa pili."

Asubuhi moja, nyumbani, Liévin alipokea ujumbe mrefu: MSIBA MKUBWA KAMPEMBA. Alishtuka. Msiba mkubwa, na si yeye aliyeutangaza! Akautuma palepale kwenye kundi la wakubwa, la kanisa na la ukoo. Muhuri haukuhitajika, mkuu wa kufikiri huwa amekwisha kufikiri. Akaenda kuoga.

Alipotoka na taulo kiunoni, ua ulijaa wanawake wanaolia. Walipomwona, walikimbia. Mkewe Martine alimnyooshea simu.

"Soma mpaka chini."

Chini kabisa iliandikwa: Shefu Liévin ametuacha. Aliyeutunga hakujulikana, foleni ilikuwa na watu wengi wenye sababu. Wala hakuna aliyeuliza marehemu ametumaje.

Liévin alimpigia mama yake huko Sakania. Simu iliita bure. Akavaa, akakimbilia ofisini.

"Benita, piga muhuri: niko muzima!"

"Nani anahakikisha, Shefu?"

"Miye! Niko mbele yako!"

"Uko chanzo kimoja, Shefu. Panga foleni."

Akapanga, nyuma ya Nkandu. Hakuna aliyempisha.

Jua lilikuwa limeanza kushuka lori liliposimama. Mama yake alishuka kwa kushikiliwa, kitambaa cheusi kichwani, sauti imekauka kwa kulia. Alimpapasa uso, mabega, mikono.

"Mama, juu ya nini uliamini uongo ya mu simu?"

"Ya bengine siamini, mwanangu," alisema mama. "Lakini hii, ni weye ulinitumia."