Shali ya Somo Yangu

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Kiirua.

Baridi. Nimehesabu kazi zote zilizo kwenye sindano.

Sweta ya Baba Purity: kifua tayari, mkono mmoja tayari, mgongo bado. Ilianza 2022. Vitambaa vya viti vya sebuleni: vinatakiwa kumi na vinne. Vipo vitano. Viwili havifanani na vingine. Kofia ya sufu ya kufunika masikio, mavin, ya ndugu yangu Gedion, ambaye hupakia miraa Maua kabla ya alfajiri na kulalamikia baridi ya masikio: inchi mbili. Shali ya mtoto: haijaanza.

Shali ndiyo kazi yenyewe. Binti yetu Purity, aliyeolewa na Ireri kule Embu, amejifungua msichana wa pili. Wa kwanza alichukua jina la mama yake Ireri, Wamuyu, kama desturi inavyotaka. Huyu wa pili ni wangu. Ntinyari! Nimesubiri miaka minne. Tunaenda kumwona Jumamosi ya tarehe kumi na sita.

Nimemwambia Baba Purity kwamba sasa nina somo. Akauliza somo langu ni lipi. Nikamweleza, kwa mara ya tatu wiki hii, kwamba mtu mnayeitana jina moja ni somo yako, na kwamba somo lako ni lile la darasani. Nilifundisha Kiswahili miaka ishirini na minne. Siwezi kuvumilia upatanisho mbovu nyumbani kwangu. Akasema sawa. Akaenda kwa viazi vyake.

Jana kanisani, kwenye mkutano wa akina mama, nilisimama. Hakuna aliyeniomba. Nikatangaza kwamba somo yangu hatafunikwa na kitu cha mashine. Atafunikwa na kazi ya mkono wa yule aliyempa jina. Makofi mengi. Nikaongeza mambo kadhaa kuhusu mashine na kuvunjika kwa jamii. Makofi machache.

Sababu ninayo. Mkwe mwenzangu, Wamuyu, ana mashine ya kufuma. Anafuma sweta za shule Embu mjini. Anamaliza sweta nzima kabla mimi sijapata miwani yangu. Alipozaliwa mjukuu wa kwanza alileta shali tano. Yangu iliishia kuwa kitambaa cha redio. Purity hajawahi kulitaja jambo hilo. Wamuyu pia hajawahi. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumanne, 5 Agosti.

Nimeandika ratiba na kuibandika ukutani. Asubuhi shali. Mchana mavin. Jioni vitambaa. Sweta ya Baba Purity, nikisubiri githeri iive. Nimesoma habari za mataifa yaliyojenga viwanda kwa mipango ya miaka mitano. Mimi nina siku kumi na moja, lakini nina akili.

Saa nne: safu nne za shali. Nyeupe, safi.

Saa tano: redio. Msikilizaji mmoja amepiga simu akasema Kiswahili kiondolewe shule za msingi huku Meru, kwa kuwa nyumbani hakuna anayekitumia. Nikapiga simu studioni. Nikawekewa muziki. Dakika arobaini! Nikaendelea kufuma huku nikisubiri, maana mimi sipotezi muda.

Waliponipokea, kipindi kilikuwa cha mbolea. Nilipotazama chini nilikuta nimefuma safu kumi na moja kwa uzi mweusi wa Gedion. Shali ya mtoto yenye utepe wa msiba.

Nimefumua. Pamoja na zile nne.

Alhamisi, 7 Agosti.

Ushindi! Mavin imekwisha. Kitu cha kwanza kukamilika nyumba hii tangu 2022. Nimeimaliza kwa siku mbili, redio ikiwa wazi, kwa sababu yule msikilizaji anayepinga Kiswahili ana wafuasi na wote wana simu.

Gedion alipita kuijaribu. Ilimkaa utosini kama kikombe. Akaniuliza, "Dada, hii ni ya kichwa ama ya chungwa?" Nikamjibu kwamba tatizo ni kichwa, na kichwa ni cha mama yetu, kwa hiyo aheshimu.

Ukweli, ambao nauandika hapa tu: nikikasirika, mishono hukaza. Nilihesabu mishono ya mtu mzima nikaikaza kwa hasira ya mtu mzima. Ikatoka kofia ya sungura.

Gedion amekubali kutupeleka Embu kwa pikapu yake, mradi apate mavin nyingine. Nimeahidi mbili.

Jumapili, 10 Agosti.

Shali imefikia ukubwa wa leso ya kupengea mafua.

Akina mama waliniuliza kanisani inaendeleaje. Nikasema nimebakiza pindo. Nimebakiza shali.

Mchana Purity alipiga simu. Akasema, "Mama, usijisumbue. Kuja tu na mikono yako." Nimeyachambua maneno hayo tangu saa nane. Kuja na mikono. Yaani mikono mitupu. Mtoto wangu ameshakata tamaa nami, na anaficha kwa adabu, adabu ambayo nilimfundisha mimi mwenyewe.

Baba Purity anasema huenda alimaanisha nije tu na mikono yangu. Huyu mtu hasomi kati ya mistari. Hata mistari yenyewe haisomi.

Jumatatu, 11 Agosti.

Nilifunga safari hadi Nchiru. Baba Purity nilimwambia naenda kutafuta uzi.

Pale karibu na hosteli za wanafunzi kuna kibanda cha mama mmoja anayeitwa Kanini. Anauza mayai, mkate, sabuni, na juu ya mitungi ya gesi ametundika shali za watoto. Nikamuuliza kama ni za mkono. Akanionyesha vidole vyake kumi. Akasema, "Mwalimu, hivi vidole havijui kulala." Nikamuuliza shali moja humchukua siku ngapi. Akasema inategemea. Jibu la msanii! Mtu wa mashine angetaja saa.

Nimenunua nyeupe moja. Kazi safi. Mishono imelingana mno, kama meno ya kitana. Mama huyo ana kipaji.

Dhamiri iko sawa. Nilitangaza kazi ya mkono, na huu ni mkono. Suala la mkono wa nani ni suala la umiliki, na wanafalsafa hawajakubaliana kuhusu umiliki hadi leo. Zaidi ya hayo, pindo nitaliweka mimi mwenyewe. Shali bila pindo ni kitambaa tu. Kwa hiyo anayeweka pindo ndiye mwenye shali.

Kasoro moja. Kwenye pembe kuna mishono miwili ya uzi wa kijani, midogo kama punje za ulezi. Kanini alisinzia, nadhani. Kumbe vile vidole hulala.

Jumatano, 13 Agosti.

Pindo limeshindikana. Nilichomeka sindano, mshono mmoja ukakatika na kuanza kukimbia kuelekea katikati kama panya. Nikaufunga fundo. Nimeamua kwamba shali za kisasa hazina pindo.

Nikajaribu kuchomoa ule uzi wa kijani. Umeshonewa ndani kabisa. Kuuchomoa ni kuua shali.

Basi, udhaifu ugeuzwe kuwa hoja. Nimeandaa hotuba. Mshono wa kwanza wa kijani ni majani ya chai ya kwetu Imenti alikozaliwa mama yangu. Wa pili ni msitu wa mlima, ambao Wameru na Waembu tunautazama kutoka pande mbili. Mtoto analala katikati. Niliijaribu mbele ya Baba Purity. Dakika tano. Nilijisisimua mwenyewe.

Akaniuliza shali ilikuaje hivyo, maana Jumapili ilikuwa leso. Nikasema mwanamke mwenye lengo hana kalenda. Akauliza kama mwanamke huyo ana lengo na sweta yake. Nikamkumbusha mbolea ya viazi vyake.

Ijumaa, 15 Agosti.

Nimefunga mzigo. Maharage ya njahi na unga wa wimbi kwa mzazi, gunia nusu la viazi, mayai, shali. Juu nimeweka ile mavin ya chungwa. Nitaifumua njiani ili nianze upya kofia ya Gedion. Safari ya saa tatu haiwezi kupotea bure.

Nimewatumia akina mama picha ya shali kwenye kikundi cha simu. Wamejibu kwa mikono ya makofi ishirini na sita. Nimehesabu mara mbili.

Jumamosi, 16 Agosti. Embu.

Nimejifungia chumba cha wageni kwa Purity ili niandike. Nimewaambia naumwa kichwa.

Sikufumua hata mshono mmoja njiani. Gedion huendesha abiria kama miraa: anaamini tukichelewa tutanyauka. Mikono yangu yote miwili ilishika mlango kuanzia Meru hadi Embu. Baba Purity alisali hadi Chuka, halafu akanyamaza. Nadhani maneno yalimwishia.

Mtoto! Paji la uso langu. Alikuwa analia kwa hoja, bila kurudia neno. Wamuyu alinisalimia kwa mikono miwili. Akasema, "Karibu Mama Purity, mwenye jina amefika!" Mtu mwema kupita kiasi. Huwezi kugombana naye bila kuonekana mbaya, na hiyo ndiyo mbinu yake.

Baada ya maombi na chai nikasimama. Nikafunua shali. Vigelegele. Wamuyu akaishika, akaigeuza, akafika kwenye ile pembe. Akapapasa kwa kidole. Kisha akaniuliza taratibu, "Na hii kijani, mama, ni ya nini?"

Swali nililolisubiri! Nikatoa hotuba yote. Majani ya chai. Msitu. Pande mbili za mlima. Nikaongeza kipande kipya kuhusu mashine, ambayo haina kumbukumbu wala ukoo, na ambayo kamwe haiwezi kuweka mshono wenye maana. Dakika saba. Shangazi mmoja wa Ireri alifuta machozi.

Wamuyu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akakunja pindo la sweta aliyovaa. Mishono miwili ya kijani. Akamwomba Ireri akunje ya kwake. Miwili. Mjukuu wetu mkubwa, miaka minne, akainua sweta yake hadi kidevuni akanipigia kelele mimi nyanya yake, "Hata mimi niko nazo, cucu! Hata mimi!"

Wamuyu akaeleza, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia. Wateja walikuwa wanamletea sweta za mafundi wengine azirekebishe bure, wakidai ni zake. Kwa hiyo sasa kila kinachotoka kwenye mashine yake anakitia alama ya kijani. Shali huwa anauzia mama mmoja wa Nchiru, kwa dazeni. Hakucheka. Afadhali angecheka. Gedion alicheka kwa niaba ya wote.

Yule shangazi alinitazama kama anadai machozi yake.

Purity ndiye aliyezungumza kwanza. Akauliza kwa upole, "Sasa mama, na yako iko wapi?" Kwa miaka hamsini na mitatu nimekuwa na jibu. Leo niliinama kwenye kikapu nikijifanya natafuta njahi. Purity akainama nami, akatoa ile mavin nyeusi. Akaigeuza. Nikamwambia iache, hiyo ni makosa, ni ya kufumuliwa.

Akamvika mtoto.

Ilimkaa kama ganda linavyokaa punje. Masikio yote ndani. Somo yangu akanyamaza katikati ya hoja, akalala.

Purity akasema, "Hii ndiyo nilikuwa nangoja. Kitu umemaliza."

Sufu ina vumbi, na vumbi huingia machoni.

Wamuyu akasogea na miwani yake. Akahesabu mishono kwa kucha. Akasema mashine yake haiwezi kukaza hivi, akaniuliza nimetumia sindano namba ngapi. Nikamwambia ni siri ya ukoo. Gedion akasema kofia ni yake. Hakuna aliyemsikiliza. Shali ya kijani walimtandikia mtoto chini. Ni nzuri kwa kutandika.

Jumanne, 19 Agosti. Kiirua.

Nimeyapima matukio ya Embu bila upendeleo. Hitimisho: nilishinda. Mkono umeishinda mashine mbele ya mashahidi, na mwenye mashine mwenyewe amekiri. Akina mama nimewatumia picha ya kofia. Wameuliza shali iko wapi. Nimesema iko chini ya hoja kuu.

Msimamo wangu umeimarika, kwa hiyo nimeupanua. Nimetangaza kwenye kikundi cha familia kwamba Krismasi hii watu wote kumi na mmoja watavaa sweta zinazofanana, kazi ya mkono, zenye mlima kifuani. Wamuyu alijibu kwanza. Akasema mashine yake iko wazi mwezi wa Novemba nikihitaji. Uchokozi mtupu. Nimemjibu kwa aya nne.

Uzi haukutosha kuanzia, kwa hiyo nimefumua kifua cha sweta ya Baba Purity. Mkono mmoja nimeuacha, kama kumbukumbu. Redio nimeihamishia karibu na kiti changu. Lakini sweta za watu wazima zitahitaji mishono iliyolegea, kwa hiyo nitatafuta stesheni ya nyimbo za dini.

Kwa dharura tu, nimempigia Kanini simu. Nimemwambia aniulizie sweta kumi na moja, za mkono, na ahakikishe kijani kimechomolewa kabla hazijanifikia.

Baba Purity alikuwa mlangoni na ndoo ya viazi. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alitazama mkono wa sweta yake mezani. Akaniuliza, polepole, kama mtu anayechagua upatanisho, kama kweli Embu sikupata somo.

Nikamwambia nilimpata. Ana kilo nne na nusu, na masikio yake yana joto.