Utumbo wa Panya Namba Saba

Jumatatu, 4 Machi

Profesa ameniletea vichupa kumi na viwili, kila kimoja na kipande cha utumbo wa panya. Panya sita, wale wa namba witiri, walipewa dawa mpya ya kutuliza uvimbe wa tumbo. Sita hawakupewa kitu. Kazi yangu: nivigandishe vipande kwenye nta, nivikate vyembamba kuliko ganda la kitunguu, nivibandike kwenye vioo, nivitie rangi. Kazi ya Profesa: aviangalie kwa hadubini aone kama dawa inafaa. Vikitoka safi, Ijumaa ananisainia nithibitishwe kazini. Mwaka mzima niko kwa majaribio! Na mke wangu anajua nilithibitishwa zamani, maana nilimwambia mwenyewe. Kwa hiyo hapa ni kufa na kupona.

Mwenzangu wa meza ya pili kaniuliza kama nahitaji msaada. Namwita Bi Nidhamu, kwani hata vifuniko vya kalamu anavipanga kwa rangi. Namjua huyu. Anataka sifa. Nimemshukuru, nimemwambia akapumzike.

Jumanne, 5 Machi

Balaa! Jana nilikitoa kipande cha panya namba saba nikikague kwenye mwanga. Simu ikaita, nikaondoka. Kimelala mezani usiku kucha bila dawa ya kukihifadhi. Asubuhi nakikuta kimekauka kama kamba ya kiatu. Nimekitia majini. Kimebaki kamba ya kiatu, ila sasa imelowa.

Kumwambia Profesa? Thubutu! Saa ya chakula nimekimbilia buchani, nimeomba utumbo wa mbuzi, kiasi cha urefu wa kidole. Muuza nyama kasema hauzi kidole, kanipa mzima. Kauliza kama nafuga paka. Nimekubali kwamba nafuga paka.

Tatizo: utumbo wa mbuzi ni mnene mno. Nimekata utepe mwembamba, nikauviringisha, nikaufunga kwa uzi ukawa kipete kidogo cha kiasi cha panya. Kichupani ukaingia. Uliobaki nimeuficha kwenye chupa ya jemu chini ya sinki. Akili ni nywele, na mimi kinyozi hajanigusa.

Jumatano, 6 Machi

Vipande viko kwenye mashine, vinaingia nta. Mimi sina raha. Kila mlango ukifunguliwa, naangalia chini ya sinki. Nimekwenda msalani mara nne tangu asubuhi. Huenda nami nina uvimbe. Bi Nidhamu kaniuliza mbona nimepauka. Nimemjibu ni taa za humu ndani.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekata, nimebandika, nimetia rangi. Zambarau kwa viini vya seli, waridi kwa yaliyobaki. Vimependeza! Namba saba ndiyo imependeza kuliko zote. Kwa hadubini sikuviangalia. Bi Nidhamu alikuwa ameikalia mchana kutwa, nami sikutaka achungulie begani kwangu. Jicho langu linatosha.

Ijumaa, 8 Machi

Profesa kaja na kalamu mfukoni. Nimeiona ile kalamu. Kaketi, kaweka lenzi kubwa moja kwa moja, ile inayoonyesha seli mojamoja. Wa kwanza waliopewa dawa: shwari. Kaguna kwa furaha. Kafika namba saba. Kavua miwani, kaifuta, kavaa tena.

Kasema seli za uvimbe zimejazana hadi hakuna pa kupita. Kasema huyu panya alipewa dawa, na dawa imemchoma tumbo. Nikajitia hamnazo, nikasema labda ni yeye tu, alionekana mnyonge tangu mwanzo. Profesa akauliza nilimwona wapi, maana panya hawakuwahi kuletwa chumba hiki. Nikakohoa.

Dawa imesimamishwa. Kawapigia simu wenzake walioitengeneza, mbele yangu, kwa sauti ya msibani. Kalamu haikutoka mfukoni.

Jumamosi, 9 Machi

Kumbe mbuzi yule alikuwa na minyoo au kitu gani? Naogopa, na leo si kwa ajili ya kazi peke yake. Kuna wagonjwa wanaojikunja kwa maumivu wakiisubiri dawa hii, na mimi nimeizuia kwa kitoweo! Mke wangu kaniuliza kunani. Nimesema nimechoka. Kasema wakubwa kazini huwa hivyo, kazi nyingi. Hapo nimezidi kuumia.

Nimepiga moyo konde. Jumatatu, kitu cha kwanza, namwambia Profesa ukweli wote.

Jumapili, 10 Machi

Nimeahirisha.

Jumatatu, 11 Machi

Sikuwahi hata kuketi. Nimemkuta Bi Nidhamu kwenye hadubini na Profesa kasimama nyuma yake. Bi Nidhamu kaweka lenzi ndogo, ile inayoonyesha kipande kizima. Kaonyesha panya namba sita: kipete safi, na vile vidole vidogo vya kufyonza chakula vimeelekea ndani, kama ilivyo kwa kila kiumbe. Kisha namba saba. Vidole vyote vimeelekea nje.

Nilikuwa nimeuviringisha utepe ndani nje!

Profesa kaniuliza kwa upole sana kama panya huyu alikuwa anakula kwa kupakwa mgongoni. Bi Nidhamu kasema tena kwamba katikati anaona kitu kinafanana na uzi wa kushonea. Nikasema panya hula nguo. Profesa akaomba chupa ya namba saba. Katika kuitafuta, akafungua kabati la chini ya sinki, akaibuka na chupa yangu ya jemu.

Nimesema yote. Hadi habari ya paka.

Jumanne, 12 Machi

Sijafukuzwa! Profesa kafoka weee, kisha kachoka. Dawa imeruhusiwa tena, kawaomba radhi wenzake. Mimi nimeongezewa nusu mwaka wa majaribio. Kisha kaja Bi Nidhamu na kichupa kingine: kipande cha pili cha panya namba saba. Kumbe kwa kila panya huhifadhiwa vipande viwili, na cha pili kilikuwa kabatini kwake siku zote. Kasema ningeuliza tu, angenipa. Hakunicheka hata kidogo. Ningependa angecheka.

Profesa kanikabidhi kichupa. Kasema hiki ndicho cha mwisho, hakuna kingine. Kasema nikipata shida yoyote niseme, hata iwe ndogo, hakuna atakayeniuma. Machozi yamenilenga. Nimeapa.

Jumatano, 13 Machi

Nilikuwa nakiosha kwa uangalifu mkubwa. Kimeteleza. Sinki halina chujio.

Bi Nidhamu kauliza kutoka meza yake kama mambo ni salama. Nimesema salama kabisa, na asante kwa kuuliza.

Nimeketi nikafikiri kwa utulivu, kama mtu mzima. Safari ile nilikosea wapi? Jibu limekuja lenyewe: mbuzi. Mbuzi ni mkubwa, ndiyo maana nikalazimika kuviringisha. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, si kwingine.

Jioni nimepitia dukani, nimenunua mtego. Nimeutega nyuma ya jiko, na kipande kizuri cha samaki. Mke wangu kashangaa, kasema nyumba hii haijawahi kuwa na panya hata mmoja. Nimemwambia hilo ndilo linalonitia wasiwasi.