Kiti cha Mama cha Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi
Mdogo wangu wa kike yuko ng'ambo, anajifungua wiki ijayo. Mtoto wa kwanza! Mama lazima awepo. Lazima apande ndege ya Jumamosi, ndiyo pekee isiyobadilishwa njiani, na Mama hata basi akibadilisha hupotea. Mke wangu kashauri niende kwa kaka yake, Shemeji, mwenye ofisi ya tiketi. Nikampigie magoti Shemeji? Thubutu! Nimeingia mtandaoni mwenyewe. Bei nusu ya ile Shemeji aliyomtajia mke wangu! Nilibaki kuduwaa. Ndege zote za dunia zimo ndani ya simu hii yenye kioo kilichopasuka.

Jumanne, 4 Machi
Nimebonyeza kununua. Bei ikaruka. Nikarudi nyuma: ile ya chini ipo palepale. Nikabonyeza. Ikaruka tena! Mara nane. Wala sikukasirika, niliingiwa na heshima. Mashine imenisoma, imejua nina shida. Basi nitaijia na jeshi.

Jumatano, 5 Machi
Ndugu tisa, simu tisa. Agizo langu: saa nne kamili asubuhi kila mmoja achague ndege ya Mama, ajaze jina la Mama, abonyeze ashikiwe kiti hadi kesho. Asilipe. Mashine ikiona wateja tisa wanasitasita, itaogopa na kushusha bei. Saa nne na dakika tano binamu akapiga simu kwamba bei imepanda. Shangazi akasema kwake imepanda zaidi. Saa nne na robo, ndege imejaa. Imejaa! Mama alikuwa akipanga visoksi vya mjukuu kwenye sanduku, akaniuliza kama kule kuna baridi. Nilisema kidogo. Nikatoka nje.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda kwa Shemeji, nimenywea. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Akaeleza kwamba tovuti haiulizi shirika la ndege kila dakika. Huonyesha bei iliyoiona mara ya mwisho. Ni kama picha ya harusi ukutani: maharusi wanatabasamu, ndoa ilishavunjika. Ukibonyeza ndipo inakwenda kuuliza kweli. Na viti vya bei ya chini ni vichache; vikishikwa, hubaki vya ghali. Kisha akauliza, kwa upole, ni nani aliyeshika viti tisa vya mwisho kwa jina la mama mkwe wa dada yake. Nikatazama dari. Akasema muda ukiisha vitaachiliwa, tungoje. Saa nne na dakika tatu viti vikafufuka kwenye kioo chake, kimoja kimoja. Mwili ulinisisimka! Shemeji akadaka kimoja, akalipia papo hapo.

Jumapili, 9 Machi
Mama alifika jana, mtoto kazaliwa leo alfajiri. Hakungoja tarehe! Picha imekuja: Mama kamkumbatia mjukuu, wote wawili wanalia. Na mimi nimelia, bafuni, bomba nimelifungulia.

Nimekaa nikatafakari. Viti tisa vilitoweka kwa amri yangu. Vikarudi kwa amri yangu. Mashine kubwa namna ile, na ilinitii! Shemeji alibonyeza tu.

Mama anarudi mwezi ujao. Nimemwambia Shemeji apumzike. Nimeshazungumza na ukoo wa upande wa baba. Simu arobaini na moja.