Mchezaji Aliyefichwa Jikoni

Jumatatu, 3 Machi

Daktari kamwambia Dada moyo wa Baba umechoka. Kama tuna la kumfanyia, tusingoje mwisho wa mwezi. Dada kalia palepale. Mimi nimelia chooni, bomba likiwa wazi.

Kisha nikakumbuka: sijawahi kumshinda Baba sataranji. Miaka thelathini na moja! Kwetu anayeshindwa humlaza mfalme wake na kusema, "Nimekubali." Asiyekubali kushindwa si mshindani, Baba husema hivyo kila Jumapili. Mimi nimekubali mpaka ulimi umeota sugu. Yeye kakubali mara moja tu, kwa Dada, Dada akiwa na miaka kumi na miwili. Dada hajaisahau. Hunikumbusha hata akimenya vitunguu.

Nataka kuisikia na mimi. Mara moja tu, kabla hajaondoka.

Jumanne, 4 Machi

Nimepeleka kompyuta yangu ya mkobani kwa fundi tunayemwita Miwani. Nikamwambia nataka programu ya sataranji ya kunifundisha haraka. Akauliza kiwango changu. Zipo ngazi kumi, akaeleza: ya kwanza hupoteza malkia ovyo, ya nne hucheza kama binadamu, ya kumi haina huruma. Nichague inayonizidi kidogo tu, ndipo nitajifunza.

Maneno ya busara. Lakini nyuma yangu alikuwa amesimama muuza vioo, jirani yangu wa karakana, na huyo ana masikio. Nikasema: nane.

Miwani akanitazama. "Mashine haina macho ya kukuona, kaka," akasema. "Ukiidanganya, inakuamini."

Nikamwambia aweke nane. Mimi ni fundi mizani. Nagundua gramu tano zilizopotea kwenye gunia zima la mchele. Kujipima mwenyewe ndiko kumenishinda.

Jumatano, 5 Machi

Michezo kumi na mmoja. Nimefungwa kumi na mmoja. Wa mwisho hata chai haikupoa.

Kushuka hadi ngazi ya tatu ni kubonyeza mara moja. Nilinyoosha kidole. Nikakirudisha. Nishushwe na kitu nilichokibeba mwenyewe mkobani? Thubutu!

Dada kapiga simu kuuliza mbona sijapita siku tatu. Baba kapanga kete tangu asubuhi, ananingoja. Nikamjibu niko mazoezini. Dada kakata.

Ijumaa, 7 Machi

Wazo! Nahangaika nini? Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga. Mimi simpishi, namwajiri!

Mpango: Jumapili naificha kompyuta jikoni kwa Baba, nyuma ya debe la unga. Baba akisogeza kete, mimi nakwenda kutazama chai. Huko naiuliza mashine, narudi na jibu. Atashangaa mzee wa watu. Nimecheka peke yangu hadi muuza vioo kachungulia.

Jumapili, 9 Machi

Baba alikuwa amevaa shati la vifungo. Dada anasema alilidai mwenyewe, kwa ajili yangu. Miguu imevimba, kaiweka juu ya kigoda. Akisogeza kete, zinagongana.

Mpango umekwenda vizuri ajabu. Baba alianza kunisimulia jinsi yeye na marehemu Mama walivyochonga ubao huu mwaka wa njaa, kutokana na mlango wa kabati. Hadithi hiyo sijawahi kuisikia. Bado sijaisikia, maana kila ikinoga nilikuwa jikoni. Narudi, nakuta Mama keshajikata kidole. Narudi tena, wanacheka, sijui walichekea nini. Nikaitikia tu.

Safari ya kumi na tisa mashine ikasema: peleka farasi, Baba amekwisha. Ukumbini Dada kanisimamisha kuuliza sukari imekwenda wapi. Nikamjibu, nikafika, nikapeleka farasi.

Baba kautazama ubao. Akatabasamu.

"Huyo uliyemficha jikoni anacheza vizuri," akasema. "Mlete hapa akae. Na wewe ukae."

Masikio yalinichoma. Nikasema jikoni hakuna mtu, Baba, ni chai tu. Akasema haya. Kisha akasema amechoka, tutamaliza Jumanne, ubao usiguswe.

Jumanne! Nimebakiza hatua mbili!

Jumanne, 11 Machi

Nilipaswa kwenda asubuhi. Nikabaki karakanani kwanza, nafanya mazoezi ya uso: nitakavyopokea hiyo "Nimekubali" bila kujisifu. Nilikuwa mbele ya vioo vya jirani simu ilipolia.

Baba amefariki. Kitini, mbele ya ubao.

Siwezi kuandika.

Jumapili, 16 Machi

Tulimzika Alhamisi. Wageni wameondoka, nyumba imekuwa kubwa. Dada na mimi tumekaa sebuleni, ubao katikati yetu, haujaguswa.

Kaniambia asubuhi ile Baba aliomba asogezewe kiti hapo. Alimwuliza kama nimefika. Kisha akasema, "Akija, mwambie asiende jikoni."

Nimelia mbele ya Dada, bila bomba. Naye kaniambia siri yake: ule ushindi wa utotoni Baba alimwachia. Dada alikuwa ametoka kuugua surua. Alijua siku ileile, akakaa nao tu, kwa kuwa ulikuwa mtamu. Kwa hiyo Dada na mimi tuko sare! Nimeona haya kufurahi, lakini nimefurahi.

Halafu nikauangalia ubao vizuri. Farasi! Mashine ilisema wa kulia. Mimi, kwa ajili ya sukari, nilipeleka wa kushoto. Mfalme wangu alikuwa uchi. Baba alibakiza hatua moja tu kunifunga, na aliiona. Ndiyo maana alitabasamu. Ndiyo maana akasema amechoka.

Nimekaa na jambo hili hadi jua limeshuka. Baba wangu. Hakutaka kunifunga, wala hakutaka kufungwa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimelitafakari. Kosa nimelijua: ngazi ya nane haitoshi.

Nimerudi kwa Miwani. Kanipa pole kwa mikono miwili. Nikamwambia aniwekee ya kumi. Akauliza kwa upole, sasa nitacheza na nani. Nikasema nina mchezo sijaumaliza.

Alasiri nikaenda kwa Baba. Dada yuko kwake, nyumba tupu. Nimekisogeza kiti chake mahali pake, na kigoda. Nimemimina vikombe viwili. Farasi nimemrudisha alikotoka, Baba angeniruhusu. Kisha nikasema, "Nisubiri kidogo, Baba, natazama chai," nikaenda jikoni.

Kompyuta nimeiweka nyuma ya debe la unga, nikaifunika kwa kitambaa. Asije akaiona.