Ndoo ya Bibi

Jumamosi, 2 Machi 2024

Baridi ya kukata masikio. Maharagwe yamo ovenini tangu alfajiri, kipande cha nyama ya nguruwe juu yake, kama mama alivyokuwa akipika kila Jumamosi. Nyumba nzima inanukia utoto wangu.

Ghislaine amepiga simu kutoka Portland. Binti yangu wa pekee, kichwa kigumu kama cha marehemu mama yake. Amerudia wimbo ule ule: baba umezeeka, unalala peke yako ghorofa ya chini, boila lina umri kunishinda mimi mwanao, siku moja tutakukuta umeganda kama samaki. Tumevutana mpaka sikio likauma. Mwisho tumekubaliana. Bibi akifika Pasaka yu hai, hatanigusia habari ya kuhama mpaka mwakani. Bibi akifa kabla ya Pasaka, nyumba inauzwa na mimi nahamia kwake, kwenye kale kachumba kanakotazama maegesho ya magari.

Nimekubali upesi mno.

Bibi ndiye boila letu, pipa la chuma lililo chumba cha chini ya ardhi, linalochemsha maji ili mvuke wake upashe nyumba nzima joto. Baba alimpa jina hilo siku alipoletwa, mimi nikiwa shule ya msingi. Aliingizwa vipande vipande kupitia mlango wa uani, ule wa kulala chini kama kifuniko cha sanduku, na wanaume watano wa kiwandani wakimsukuma na kutukana kwa Kifaransa. Mama aliziba masikio yangu kwa mikono yenye unga. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi kabla ya kula maharagwe, baba alishuka chini, akafungua koki, akamtoa Bibi ndoo moja ya maji machafu, kisha akamwongeza maji safi huku akikodolea macho kioo cha pembeni kinachoonyesha maji, mpaka yafike nusu. Baada ya hapo ndipo tulipoomba na kula. Leo nami nimeshuka. Maji yametoka ya kahawia kama chai ya rangi. Nimempapasa tumbo, nikamwambia avumilie.

Jumapili, 3 Machi

Kanisani Rosaire ameketi nyuma yangu makusudi. Rosaire ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu Thérèse, na anaishi ghorofa ya juu ya nyumba yangu. Mwaka jana alifungiwa ile mashine ya umeme ya ukutani inayotoa joto, na tangu hapo haongei lingine. Anatembea na rimoti yake mfukoni kama rozari. Leo amewaonyesha watu wawili ngazini pa kanisa, kisha akaniuliza kwa sauti kama mkweche wangu bado unapumua. Nikamjibu kuwa unapumua kumshinda yeye akipanda ngazi. Padri amecheka. Nimeshinda.

Lakini nikiwa kwenye mahubiri nimepata wazo. Wazo kubwa! Baba alimtoa Bibi ndoo moja kwa wiki, na Bibi ameishi zaidi ya miaka sitini. Je, nikimtoa ndoo moja kila siku? Ataoga kila siku. Atakunywa maji safi kila siku. Hesabu inajieleza yenyewe. Nashangaa baba hakuiona, ingawa baba alikuwa na zamu kiwandani na mimi nimestaafu.

Nimeanza mchana huu huu.

Jumatano, 6 Machi

Mambo ni mazuri. Maji yanayotoka sasa ni meupe kabisa. Rejeta la sebuleni, lile dude la chuma linalopokea mvuke wa Bibi, limegonga asubuhi, ko-ko-ko, kama zamani. Nililala kidogo zaidi ili nilisikilize. Tukiwa watoto, rejeta likigonga baba alituambia kuwa Bibi anatuita tuamke twende shule, na sisi tulimwogopa Bibi kuliko mwalimu. Halafu nikaoa, na Thérèse akawa anaanika glavu za Ghislaine juu ya rejeta lile lile, na maganda ya chungwa ili nyumba inukie. Nimetamani kunusa maganda yale mpaka nimekwenda dukani kununua machungwa.

Kitu kimoja tu kimenishangaza. Ndoo nilikuwa nimeining'iniza kwenye msumari wa kushoto. Leo nimeikuta kwenye msumari wa kulia, na ndani imelowa. Nimefikiri sana. Thérèse alikuwa akiiweka kulia siku zote, na alikuwa akinigombeza kwa kuiweka kushoto. Nimesimama pale chini nikasema, "Haya, mama Ghislaine, kulia basi." Sijisikii vibaya kuandika kuwa nimelia kidogo.

Ijumaa, 8 Machi

Bibi anavuja. Tone, tone, tone, chini ya tumbo. Kutu nyekundu sakafuni. Pasaka bado iko mbali.

Fundi simwiti. Fundi ni Renelle Dubé, na babu yake ndiye aliyekuwa fundi wetu enzi za baba, lakini huyu alisoma darasa moja na Ghislaine na wanaandikiana kila jioni. Kumwita fundi ni kumwita Ghislaine.

Nimemkumbuka mjomba Ovila. Gari lake lilikuwa na rejeta linalovuja, akalitia oti, zile nafaka za uji, oti zikavimba ndani zikaziba tundu, akaliendesha mpaka Quebec kwenye harusi na kurudi. Kama oti zimeweza gari, zitashindwaje na Bibi, asiyekwenda popote? Nimemtia pakiti nzima kupitia kizibo cha juu. Ilibaki nusu ya pakiti nyingine. Nayo nikatia, isije ikaingiwa na wadudu.

Tone limekoma. Mimi si mjinga kama watu wanavyodhani ngazini pa kanisa.

Jumamosi, 9 Machi

Siwezi kuandika mengi. Nina haya.

Ghislaine alikuja kula maharagwe. Rosaire alishuka pia, hakualikwa, ila kila Jumamosi pua yake inajialika. Nilikuwa nimevaa shati zuri. Nilimwambia Ghislaine kuwa Bibi hajawahi kuwa na afya kama hii. Papo hapo rejeta la sebuleni likaanza kukoroma. Kile kipumulio chake kidogo cha pembeni, kinachotoa hewa tu siku zote, kikatema povu. Povu jeupe, zito, la moto. Likateremka ukutani hadi kwenye zulia la mama. Kisha rejeta la chumbani likajibu. Kisha tukasikia la juu kwa Rosaire nalo likitema.

Nyumba ikajaa harufu ya uji. Rosaire akachovya kidole ukutani, akakinusa, akasema kilichokosekana ni sukari tu.

Ghislaine hakucheka. Alipangusa ukuta, kisha akapiga magoti kulisugua zulia. Alipokuwa akivaa koti alisema mkataba ni mkataba, na kwamba kale kachumba ameshakapaka rangi. Rangi ya samawati niliyokuwa nikiipenda, akasema. Hapo ndipo roho iliponiuma, kwa sababu ni kweli naipenda.

Jumatano, 13 Machi

Nimemsuuza Bibi siku tatu mfululizo. Ndoo baada ya ndoo. Uji umetoka, na tone limerudi, tena na wenzake. Ndoo niliisahau kushoto, nayo imehamia kulia tena. Thérèse yuko macho.

Nikajisemea, mgonjwa akitokwa na jasho anapewa maji zaidi. Sasa namtoa ndoo asubuhi na ndoo jioni.

Alhamisi, 21 Machi

Theluji. Nimeamka kwenye kimya. Hakuna ko-ko-ko. Nilijua kabla sijavaa soksi.

Chini, maji yametapakaa sakafuni. Moto umezimika wenyewe. Kwenye kile kioo hakuna hata tone. Nimekaa kwenye kigoda alichokuwa akikalia Thérèse kuchambua viazi, nikamtazama Bibi. Nimeona sehemu ambayo baba alichora alama ya kidole gumba kwa rangi siku ya kwanza, akanifanya na mimi nichore changu kando yake. Bado vipo. Changu kidogo sana.

Basi nikajifuta macho nikapanga mpango.

Ghislaine hupiga simu asubuhi. Simu ilipolia nilikuwa tayari kando ya rejeta, kijiko cha mbao mkononi, makoti mawili mwilini. Akauliza habari za joto. Nikamwambia joto tele, nimevaa singlendi tu, na nikagonga rejeta: ko-ko-ko. "Unamsikia Bibi?" Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kuwa alipokuwa mtoto alikuwa akiusikiliza mlio huo akiwa kitandani na kujua kuwa mimi nimeshaamka. Nikagonga tena, polepole.

Kumbe Rosaire huko juu alidhani namwita. Akajibu kwa kugonga rejeta lake, halafu akapaza sauti kupitia tundu la bomba lililo kati ya ghorofa zetu kuniuliza kwa nini nyumba imekuwa barafu na Bibi amekufa au vipi.

Ghislaine alisikia kila neno.

Jumamosi, 23 Machi

Wamekuja wote wawili, Ghislaine na fundi Renelle. Mkononi mwa Ghislaine kulikuwa na masanduku ya kufungashia vitu. Rosaire akateremka nyuma yetu bila kuitwa, rimoti mfukoni, uso umempauka.

Fundi alimfungua Bibi tumboni, akamulika, akaingiza mkono ukapita mpaka upande wa pili. Chuma kimeliwa na kutu kikawa kama mkate wa jana. Akauliza ni nani anayeongeza maji mapya kila mara. Akasema boila la mvuke hutaka maji yale yale ya siku zote, yaliyokwisha kuchemka. Maji mapya huja na hewa, hewa huleta kutu, kutu hula chuma. Ndoo moja kwa wiki, haya. Zaidi ya hapo ni sumu.

Nilikuwa naangalia viatu vyangu. Nikasema ni mimi, ndoo moja kwa siku, baadaye mbili.

Fundi akatikisa kichwa. Akasema mbili haziwezi kuharibu kwa kasi hiyo.

Ndipo Rosaire akakohoa. Akasema na yeye ni ndoo moja kwa siku. Alikuwa akiingia kwa mlango wa uani nikiwa nimelala mchana. Alikuwa amesikia habari za mkataba kupitia tundu lile la bomba, siku ile ile ya kwanza, na akaona anisaidie bila kunipa nafasi ya kujivuna. Ndoo alikuwa akiirudisha msumari wa kulia, kama dada yake alivyokuwa akitaka.

Nilitaka kumkaba. Thérèse wangu, machozi yangu yote yale, kumbe Rosaire!

Ghislaine akamuuliza kuna haja gani, na yeye ana mashine yake ya umeme. Rosaire akaitoa rimoti mfukoni, akaitazama. Mashine inamkausha pua, akasema. Hajaiwasha tangu Krismasi. Analala mgongo ukiwa kwenye rejeta la Bibi.

"Nyumba ikiuzwa mimi nitakwenda wapi?" akasema. "Na huko Portland huyu mzee atagombana na nani? Atakufa kwa amani, mwanangu. Amani itamuua."

Ghislaine aliketi kwenye kigoda cha mama yake. Nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, ila alikuwa anacheka pia, mpaka fundi naye akaanza. Kicheko kile sijakisikia chini pale tangu Thérèse atutoke. Kisha Ghislaine akapangusa macho na kunitazama vile anavyotazama mtu aliye tayari kuhukumu.

"Tulikubaliana Bibi akifa, Baba," akasema. "Hatukusema akiuawa."

Masanduku amerudi nayo tupu.

Jumanne, 2 Aprili

Pasaka imepita. Boila jipya limefungwa. Fedha tumechanga watatu, na Rosaire ameuza mashine yake kwa mwenye duka moja la viatu, pamoja na rimoti. Kipande cha chuma chenye vidole gumba viwili fundi amenikatia, nimekiweka dirishani karibu na machungwa.

Boila jipya ni dogo, la kijivu, halina jina. Halina kelele. Fundi ameyanyoosha marejeta yote pia. Chini ya mguu wa rejeta la sebuleni alikuta kibao cha mbao alichokiweka baba, akanionyesha: kiliwekwa mguu usiofaa, maji yakawa yanatuama ndani, ndiyo maana lilikuwa likigonga miaka yote. Akakitupa kwenye takataka.

Ghislaine kaweka sharti moja. Chumba cha chini kifungwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao yeye. Hakuna mzee atakayegusa koki. Ndoo ya wiki atakuja kuitoa yeye mwenyewe Jumamosi, kisha tutakula maharagwe. Nimekubali kwa unyenyekevu. Nimejitolea hata kwenda kununua kufuli. Makufuli huja na funguo mbili, jambo ambalo Ghislaine hakuliuliza.

Asubuhi ya leo nimekiokota kibao cha baba kwenye takataka, nimekirudisha mguu wake ule ule. Rejeta limegonga. Ko-ko-ko. Nimekaa kitandani nikasikiliza mpaka chai ikapoa.

Halafu nimefikiri. Boila hili ni changa, limekuja mjini jana tu, na mtoto mchanga hunyonya mara nyingi. Fundi alisema maji mapya hula chuma kizee. Kipya hakukitaja. Siyo kila siku, mimi si mwehu. Kila baada ya siku moja.

Nimefungua kufuli, nikashuka taratibu, soksi tu miguuni.

Rosaire alikuwa ameshafika. Mlango wa uani, ambao hakuna aliyekumbuka kuutia kufuli, uko wazi, ndoo mkononi, ameinama kwenye koki. Tumetazamana. Hakuna aliyeona haya.

Tumeelewana kama watu wazima: siku moja yangu, siku moja yake. Na ndoo inakaa msumari wa kulia.