Neno Moja la Mzee Anande

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Barua yangu ya kumposa Ndeshi iko kwao Kikatiti tangu Krismasi, na Mzee Anande, baba yake, kapigwa kiharusi kabla hajanijibu. Mkono unarudi. Maneno hayarudi. Anasikia kila kitu, anataka kusema chai, midomo inahangaika, hakitoki kitu. Na kwao posa hujibiwa na baba, kwa mdomo wake mwenyewe. Abdiel, kaka yake Ndeshi, anafurahi chini kwa chini, namjua. Ndeshi mwenyewe sijamuuliza. Ya nini? Mzee akikubali yamekwisha. Mimi Hans, dalali wa nyumba Elerai nzima, nimekwamishwa na neno moja!

Jumatano, 12 Machi
Nimewasindikiza hospitali. Daktari kasema ipo dawa ya wazee wanaosahau, na sasa inajaribiwa kwa waliopoteza kauli baada ya kiharusi. Huenda ikasaidia kidogo, huenda isisaidie, na bila mazoezi ni kazi bure. Mimi nilisikia "dawa". Nikautangazia ukoo kwamba nimemtafutia mzee dawa ya kusema. Mama mkwe (nimeshaanza kumwita hivyo) akanishika mikono, akasema Mungu anibariki. Abdiel akauliza nimeitafuta wapi, mbona aliyeiandika ni daktari. Wivu tu.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemeza kidonge kimoja cha mzee kwa siri. Kama kinampa maneno asiyekuwa nayo, mimi dalali si nitauza hadi mlima Meru? Nimetapika mbele ya mteja, Sokon I, kwenye sebule ileile niliyokuwa naisifia. Mteja kaghairi. Ndeshi kagundua kidonge kimepungua. Sasa dawa ziko kabatini na ufunguo anatembea nao.

Jumamosi, 29 Machi
Dada Hope, mtaalamu wa mazoezi ya kuongea, katuachia kadi. Picha juu, neno chini. Kikombe, jembe, mbuzi. Mzee anatazama, anajaribu, jasho linamtoka. Leo kasema "jembe"! Mama akaimba pambio hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini. Hapo nikapata wazo. Mbuzi wa nini? Nimebandika picha yangu ya pasipoti juu ya picha ya mbuzi, na zamu yangu ikifika namwonyesha mzee huku namnong'oneza: mkwe, mkwe. Anaitazama sura yangu, halafu anashusha macho kwenye maandishi. Alikuwa mwalimu, hawezi kuacha kusoma. Mambo yanakwenda vizuri.

Jumapili, 13 Aprili
Ukoo umekaa baada ya ibada ya Matawi. Baba mdogo wa Ndeshi kamuuliza mzee kama anamjua kijana huyu. Mzee kanitazama, midomo ikatafuta, ikapata.

"Mbuzi!"

Safi kabisa, hakuna silabi iliyopotea. Vigelegele! Baba mdogo kasema haya, mahari imeshatajwa. Abdiel kasema mahari gani, hapo mtu katambulishwa. Wakabishana hadi chai ikapoa. Mzee akainua mkono, akamgeukia binti yake. "Nde... Ndeshi." Hajawahi kulitaja jina hilo tangu augue. Ndeshi akapiga magoti akalia, mama akalia, na mimi nililia, kweli kabisa, sikuigiza. Baba mdogo akauliza basi, tumpe Hans? Mzee akavuta pumzi, akapambana.

"Ndeshi... aseme."

Wote wakamgeukia. Kasema nimehangaika na mdomo wa baba yake muda wote huu, na yeye mwenye mdomo mzima sijamuuliza hata siku moja. Kisha akaichukua ile kadi, akabandua picha yangu taratibu, akanirudishia. Mbuzi akabaki kwa mzee. Nimeaga bila kumaliza chai.

Jumatatu, 14 Aprili
Sijakata tamaa. Simu hapokei, meseji hajibu. Ndeshi huyuhuyu aliyekuwa anaongea vizuri tu hadi jana mchana! Kesho asubuhi nawahi kwa daktari kabla Abdiel hajanitangulia. Nitamuuliza kama vile vidonge vinawafaa pia wanawake walionyamaza ghafla.