Mwenye Laini Huonja Kwanza

Nyasani hakuwa na duka. Hakuwa na mlango wa duka, wala kufuli la mlango, wala ufunguo wa kupoteza na kutafuta. Hakuwa na cheti cha ufundi wowote duniani, ingawa mwavuli wake pale steji ya Keroka uliandikwa INJINIA WA SIMU ZOTE kwa herufi nyekundu. Hakuwa na soksi mbili za ukoo mmoja. Hakuwa na aibu. Hiyo alimwazima mtu akiwa darasa la sita, na mpaka leo haijarudishwa. Na juu ya yote hayo, hakuwa na Mong'ina.

Mong'ina aliuza viatu vya mitumba ng'ambo ya barabara, na Nyasani alimtazama kutwa kucha kupitia kati ya malori ya Kericho. Msichana alimpenda, lakini kwa jicho moja. La pili alilibakiza la ulinzi. Kikwazo kilikuwa baba yake, Mzee Ratemo wa Nyamira. Mzee alimpokea Nyasani mara moja tu, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Kijana, binti yangu haolewi chini ya mwavuli. Jumapili ya mwisho wa mwezi huu njoo uniambie una mlango gani. Usipokuja wala kutuma neno, nitakuwa nimejibiwa."

Mtu mwingine angetafuta kazi. Nyasani alitafuta mteja.

Alimpata kwenye hoteli ya Shueib, akiwa na chapati mkononi. Meza ya pili aliketi Mama Adoyo, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliyehamia Keroka kutoka kando ya ziwa miaka mingi iliyopita. Alijulikana kwa mambo mawili: kwaya aliyoiongoza, na kuku wa mayai aliowafuga nyuma ya nyumba yake.

"Shueib, tunaenda Sudan Kusini," alikuwa akisema. "Kijiji kinaitwa Nakorit. Kwaya nzima! Tunaenda kuezekea watu wa Mungu kanisa. Lakini yawa, huko hakuna mtandao. Wanasema hata ukipanda kilima hupati mstari mmoja, hata kwa maombi."

"Na kuku, mama?" Shueib akauliza.

"Hapo ndipo roho inauma! Nitajuaje kama wamekula?"

Chapati ya Nyasani ilisimama katikati ya safari yake.

Sasa, msomaji, iko laini ya simu isiyo na kadi. Wasafiri wanaiita eSIM. Unainunua mtandaoni, unakielekezea kamera ya simu kile kimraba cha madoadoa meusi, na ukifika ugenini simu yako inasalimiana na mitambo ya huko kama ndugu. Ni kitu cha halali na cha manufaa. Nyasani hakuwa na ugomvi na uhalali wake. Kilichompandisha mori ni kwamba hakionekani! Miaka yote alikuwa akihangaika kuuza vitu vibovu vinavyoonekana: chaja zilizokufa, betri zilizovimba. Hapa dunia ilikuwa imemletea bidhaa ambayo hata ikiwepo haipo. Tena mnunuzi anaenda mbali. Akikuta hakuna mtandao, atalalamika vipi? Kwa simu?

Alicheka mpaka chai ikamtoka puani, Shueib akamtoza ya kitambaa cha meza.

Kimraba alikipata bila kwenda mbali. Alikuwa amekalia gunia tupu la chakula cha kuku, na kwenye kona ya gunia kulikuwa na kimraba kizuri, cheusi kilichoiva, ambacho mwenye kampuni alikiweka ili wafugaji wasome ushauri. Nyasani alikipeleka kwa mtu wa fotokopi, akakizalisha, akakivalisha nailoni. Kila nakala ilimeta kama kitambulisho cha mbunge. Katika magunia yote ya Keroka alichagua hilo, na katika wateja wote wa Keroka alimchagua Mama Adoyo. Wahenga wana methali nyingi, lakini kwa jambo kama hili walinyamaza tu.

Asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni kwake, shati limepigwa pasi upande wa mbele.

"Bwakire, mama."

"Bwakire, kijana wangu. Umekuja kununua mayai?"

"Nimekuja kukuunganisha na ulimwengu." Akafungua mkoba kama padri anayefungua sanduku la ekaristi. "Hii ni laini ya wasafiri. Haina kadi, haina vocha, haijui mpaka. Ukiwa Nakorit utaongea na Keroka kama unamwita mtu jikoni."

Mama Adoyo alichukua kimraba. Alikitazama mbele, akakigeuza, akakiinua juani. Akatoa simu yake, akaielekeza, akasoma kitu kwa utulivu mkubwa, midomo ikichezacheza. Kisha akairudisha simu mfukoni.

"Inafaa vifaranga pia," akauliza, "ama ni ya wakubwa tu?"

Nyasani alifikiri ni namna ya watu wa ziwani ya kusema watoto. "Inafaa wote, mama! Wadogo wanakua nayo."

"Na wanataga?"

"Mtandao ukiingia, mama, kila kitu kinataga."

"Haki ya Mungu," Mama Adoyo alisema, akajifuta macho kwa leso. "Na wale wa kwaya wenye kabambe? Simu zao hazina kamera."

Swali hilo lingemwangusha tapeli wa kawaida. "Hao wanabandika kwa mgongo wa simu," Nyasani akasema. "Na gundi."

"Na nitajuaje si uongo?"

Hili alilingojea. Alisimama wima. "Mama, umekaa na sisi Wagusii siku nyingi. Umewahi kuona mwenye pombe akimpa mgeni mrija kabla yeye mwenyewe hajavuta? Magokoro wangu, bibi yangu mzaa baba, alipika pombe maisha yake yote. Alisema mwenye chungu huonja kwanza, ili mgeni asife peke yake. Basi mimi nimeonja. Tazama!"

Akamwonyesha simu yake. Mistari ya mtandao ilikuwa imesimama yote, imejaa, kama askari wa gwaride. Nayo ingekosaje kujaa? Walikuwa Keroka, mlingoti wa simu ukionekana juu ya mapaa, na ndani ya simu mlikuwa na kadi yake ya kila siku.

Mama Adoyo alitikisa kichwa kwa heshima. "Maneno ya bibi yako ni mazito. Kwaya nzima itanunua. Na kwaya za Masimba na Nyamira ambazo zinatufuata mwezi ujao, hao pia. Lakini kijana, umeonja Keroka. Chungu kinafunguliwa Nakorit. Utakuja uonje huko."

"Mimi?"

"Wewe. Nauli juu yetu, chakula juu yetu. Utaitwa Mkurugenzi wa Mawasiliano." Aliingia ndani, akarudi na bahasha ya kaki, nene kama mkate, imefungwa kwa gundi na utepe. Akamwekea mkononi, akamwacha aipime uzito, akaichukua tena. "Ya watu wote iko hapa. Ukionja tu mbele yetu, ni yako."

Moyo wa Nyasani uliruka kama chura. Alikwisha kuuona mlango: wa chuma, wa buluu, una jina lake. Akapiga mahesabu haraka. Si lazima kufika Nakorit. Bahasha haina miguu, na yeye ana miwili. Mahali fulani njiani ile bahasha itapata mwenyewe mwingine. Jumapili ya mwisho wa mwezi atakuwa Nyamira akila kuku wa mzee.

Siku ya safari alimpungia Mong'ina mkono kutoka juu ya lori la kwaya. "Nimepata cheo!" akapaza sauti.

"Cha nini?" Mong'ina akauliza, kiatu kimoja mkononi.

"Mkurugenzi!"

"Wa nani?"

Lori lilikwisha ondoka.

Kumbe bahasha za namna ile zina akili. Kule Eldoret ilikuwa chini ya mto wa Mama Adoyo, na kichwa cha Mama Adoyo kilikuwa juu ya mto. Kule Kitale ilikuwa ndani ya ngoma ya kwaya, na ngoma ilikuwa ikipigwa. Kule Lodwar, Nyasani alijifanya anamsaidia mama kushuka, akatia mkono kwenye kikapu, akatoka na yai la kuchemsha.

"Ulikuwa na njaa, mkurugenzi?" Mama Adoyo akamuuliza kwa huruma. "Si ungesema. Chukua na chumvi."

Wakati huo huo mistari kwenye simu yake ilikuwa ikipungua, mmoja mmoja, kama wageni wanaotoroka harusi kabla ya mchango. Walipovuka mpaka, wa mwisho ukaaga.

"Bado unaonja?" Sadiq, dereva, akamuuliza huku akicheka na usukani.

"Laini inapumua," Nyasani akasema. "Imetoka mbali."

Nakorit palikuwa na jua, mbuzi, kuta za kanisa zisizo na kichwa, na watu waliowapokea kwa nyimbo. Mlingoti haukuwepo hata wa kuanikia nguo. Kwaya ilishuka, ikapanga duara. Mama Adoyo akasimama katikati na bahasha.

"Ndugu zangu, mwenye chungu huonja kwanza. Mkurugenzi, onja."

Nyasani aliinua simu. Aliigeuza mashariki, akaigeuza magharibi. Alipanda juu ya jiwe. Mzee mmoja wa kwaya, mwenye kabambe iliyobandikwa karatasi kwa gundi, naye akapanda jiwe lake kwa nia njema.

"Mama," Nyasani akasema, "hata laini halisi inahitaji mlingoti. Hapa hakuna mlingoti."

"Hilo ni neno la kweli. La kwanza tangu nikujue." Mama Adoyo alitoa mfukoni kile kimraba cha nailoni. "Na hii nayo, mkurugenzi? Kwangu mimi ilifungua vizuri sana. Iliniambia kuku wa mayai apewe maji safi, na vifaranga wasilale baridi. Gunia hilo nalishika kila asubuhi!"

Duara zima likalipuka. Walicheka kwa sauti nne, kama kwaya ilivyofundishwa, na besi ndiyo iliyochelewa kumaliza. Walikwisha jua wote tangu Keroka; hata yule mzee wa jiwe alikuwa akiigiza, na sasa alicheka mpaka akashuka kwa makalio.

"Sasa mbona mmenileta?" Nyasani akauliza, sauti imekonda.

"Tazama kwaya yangu," Mama Adoyo akasema. "Sauti tunazo. Magoti hatuna. Nilizunguka Keroka yote nikitafuta kijana mwenye nguvu wa kupanda paa bure, nikakosa. Ndipo Mungu akakuleta mlangoni kwangu, umepigwa pasi."

"Na bahasha?"

"Ahadi ni ahadi. Umeonja mbele ya watu, na ladha tumeiona. Chukua."

Nyasani aliirarua kwa meno. Ndani mlikuwa na karatasi za kuandikia, bunda zima, safi, zenye mistari. Katikati yake bahasha moja ndogo nyeupe.

"Huo ndio mtandao wa huku," Mama Adoyo akasema. "Na huo unaonekana."

Nyasani alimkimbilia Sadiq. Sadiq alikuwa akirudi Keroka kuchukua mbao zaidi. "Nipeleke, ndugu yangu!"

"Abiria ni wa Mama Adoyo. Yeye ndiye amelipa mafuta," Sadiq akasema. "Lakini barua nabeba bure. Naondoka nikishapumzika na gari kupoa, kesho kutwa."

Hapo ndipo Jumapili ilipompiga Nyasani kifuani. Hakuna simu. Hakuna kufika. Mzee Ratemo atakaa kwenye kiti chake, atatazama njia, na atakuwa amejibiwa.

Basi alipanda paa. Mtu aliyekata tamaa lazima afanye kitu, na kitu kilichokuwepo kilikuwa nyundo. Fundi wa kijiji, ambaye hawakuelewana hata neno, alimpiga vidole alipokosea na kumpiga bega alipopatia. Siku ya pili alimshusha, akamkabidhi mbao na randa, akamwonyesha pengo la mbele la kanisa. Kufikia jioni pengo lile halikuwa pengo tena. Nyasani alilifungua, akalifunga. Akalifungua tena. Lilitoa mlio mdogo, kama kifaranga.

Akakaa kizingitini na zile karatasi. Barua ya kwanza ilianza, "Mpenzi, nimecheleweshwa na mkutano wa wakurugenzi." Mama Adoyo, aliyekuwa akipita na sufuria, alikohoa. Akaikunja. Ya pili ilikuwa na waziri ndani yake. Mama Adoyo hakuhitaji hata kukohoa. Ya tatu ilikuwa hivi:

"Mong'ina, mimi si injinia. Niliwauzia watu gunia la kuku, nikauzwa mimi. Niko Nakorit juu ya paa, simu haishiki. Jumapili siwezi kufika, ndiyo maana natuma neno. Mzee aliniuliza nina mlango gani. Mwambie nina mmoja. Si wangu, ni wa kanisa, lakini nimeutengeneza kwa mikono hii, na unafunga. Nikirudi nitatengeneza wa pili. Ukikubali, soma hii kwa macho yote mawili."

Akafikiri kidogo, akaongeza chini: "Mwambie pia fundi wa milango ni kazi yenye cheo."

"Hilo la mwisho?" Mama Adoyo akauliza juu ya bega lake.

"Mama, hilo si uongo. Hilo ni matumaini."

"Liache basi."

Sadiq alipiga honi; alitaka awe Keroka kabla ya Jumapili. Nyasani akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha nyeupe, akatafuta gundi. Mama Adoyo akamwonyesha ule ukingo wenye gundi iliyokauka, unaosubiri ulimi wa mtu.

"Mwenye chungu," akasema.

Nyasani akaonja. Ilikuwa na ladha ya chokaa na vumbi la safari. Akaifunga, akaikandamiza juu ya goti, akakimbia kando ya lori lililokwisha anza kwenda, na kumpa Sadiq dirishani.